Mbinu rejeshi katika hadithi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa watu wanaoandika: wanafunzi wa sekondari, walimu wa fasihi, watunzi wa hadithi fupi, na wachache wanaotunga michezo ya redio. Kila mmoja huuliza kwa maneno yake, lakini maswali ni yale yale. Vijisehemu vya hadithi vilivyomo nimevitunga kwa ajili ya majibu haya. Anayeanza kabisa asome kwa mfuatano. Mwenye shida yake maalumu aruke hadi ilipo.

## Misingi

1. Mbinu rejeshi ni nini hasa?

Ni pale hadithi inapouacha wakati inaousimulia, ikarudi kwenye tukio lililotangulia, ikalionyesha, kisha ikarejea ilipoachia. Hapo kwenye kurejea ndipo wengi wanapopasahau. Wanajua kwenda nyuma, kurudi hawakufikirii.

Chukua mfano huu. Shangazi anakataa kula pilau ya harusi. Wageni wanamwona ana kiburi. Hadithi inarudi miaka ishirini nyuma, kwenye sufuria ya pilau iliyopikwa kwa ajili ya harusi yake mwenyewe, ikaishia kugawiwa majirani usiku kwa sababu bwana harusi hakutokea. Tukirejea harusini, sahani ni ile ile, mkao wa shangazi ni ule ule, ila sasa hatuoni kiburi tena. Safari nzima ilifanywa kwa ajili ya badiliko hilo. Mimi nalishikilia jambo hili kuliko kanuni nyingine yoyote ya mbinu hii: msomaji akirudi, akute jambo la sasa limegeuka machoni pake. Majibu mengi hapa chini yanatokana na hilo.

2. Mbinu rejeshi, kisengere nyuma na urejeshi ni vitu vitatu tofauti?

Hapana, ni kitu kimoja. Vitabu na walimu hutofautiana tu katika jina wanalolipenda. Kisengere nyuma kinabeba picha ya mtu anayekwenda kinyumenyume, na ni picha nzuri, kwa sababu anayetembea hivyo bado uso wake unatazama alikotoka. Kinyume chake ni kisengere mbele, yaani hadithi inaporuka kwenda kuonyesha jambo ambalo bado halijafika.

3. Kila mhusika anapokumbuka jambo, hiyo ni mbinu rejeshi?

Kwa maana pana, ndiyo. Kwa mwandishi anayetaka kuitumia vizuri, kuna tofauti inayofaa kuijua. "Tangu mumewe afariki, Bi Salma hakupika tena samaki" ni dokezo. La zamani limetajwa na hadithi haikusimama. "Walikaa Tanga miaka sita, wakahamia Korogwe, biashara ikafa, wakarudi" ni muhtasari. Onyesho ndilo linalotupeleka mahali: tunasikia sauti, tunamwona mtu akitenda, muda unapita mbele yetu.

Wengi huandika onyesho pale ambapo dokezo lingetosha. Kama unachotaka msomaji ajue kinaingia katika sentensi moja, kiandike katika sentensi moja na uendelee na safari.

4. Je, mbinu hii tumeiiga kutoka kwa sinema na riwaya za nje?

Swali hili linanigusa, kwa sababu mara nyingi linakuja na dhana kwamba masimulizi yetu ni ya moja kwa moja tu. Ni kweli ngano nyingi huenda kwa msago, yaani tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka. Kuna sababu ya kawaida kabisa: msikilizaji hana ukurasa wa kufunua arudi nyuma. Fanani akichanganya nyakati mno, hadhira inapotea.

Lakini sikiliza nyimbo zilizomo ndani ya ngano. Iko aina ya hadithi inayosimuliwa kwa sura nyingi: mtoto ametendewa uovu kisimani au porini, waliomtenda wamerudi nyumbani na uongo wao. Siku zinapita. Anakuja mtu asiyejua kitu kukata jani, au kuchuma tunda, au ndege anatua uani, na hapo wimbo unaanza: nani alifanya nini, na siku ile ilikuwaje. Wimbo unarudisha tukio la nyuma mbele ya watu wasiolijua, na nyumba nzima inabadilika papo hapo. Kuna jambo la nyuma, kuna kinachoamsha, kuna anayehitaji kusikia, na kuna matokeo leo. Mwandishi wa kisasa hana cha kuongeza hapo.

Na hata huko nje, mbinu hii ni ya kale kuliko kamera. Katika utenzi wa Wagiriki wa Odisia, shujaa anasimulia masaibu yake ya baharini akiwa mgeni mezani kwa watu, yakiwa tayari yamempata.

## Kuamua: inahitajika au haihitajiki?

5. Nitajuaje kama hadithi yangu inahitaji mbinu rejeshi?

Ifunike kwa karatasi, kisha usome yaliyo kabla na yaliyo baada yake kana kwamba haipo. Kama hadithi inaeleweka na uchungu wake haujapungua, kifuate hicho ulichokiona na uikate. Kama kuna tendo la mhusika ambalo sasa limekuwa la ajabu au limepoa, umejua kazi yake.

Sababu dhaifu kuliko zote ni "ili msomaji amjue mhusika". Tunamjua mhusika kwa anachokifanya leo akiwa katika shida. Historia ya utotoni inayoletwa ili tu tufahamiane ni kama mgeni anayefungua albamu ya picha kabla hajakaa.

Sababu yenye nguvu ni pale la zamani linapodaiwa. Mhusika amefika mahali ambapo lazima aamue, na hawezi kuamua bila jambo lile kupita kichwani mwake.

6. Si bora niende kwa msago tu, tangu mwanzo hadi mwisho?

Mara nyingi ni bora, na hakuna aibu ndani yake. Kama hadithi yako inaanza siku binti anapopata barua ya kujiunga na chuo na kuisha siku anaporudi kijijini, na kila tukio linazaa lingine, simulia hivyo.

Msago unashindwa pale kiini cha hadithi kinapokuwa mbali mno na matokeo yake. Kosa la mwaka wa vita vya Kagera linamrudia mtu akiwa babu wa wajukuu saba. Ukienda moja kwa moja utalazimika kuvuka miaka arobaini isiyo na kitu. Hapo anzia kwa babu.

7. Naweza kuanza hadithi na kurudi nyuma katika ukurasa wa kwanza?

Unaweza, lakini msomaji anahitaji mahali pa kurudi. Kama hajajua yuko wapi na nani, ukimpeleka nyuma hana pa kurejea. Kwake hiyo nyuma ndiyo hadithi yenyewe, na utakapomrudisha kwenye "sasa" atahisi umemnyang'anya kitu.

Mtindo ninaokutana nao sana katika miswada ni huu: mhusika ameketi dirishani kwenye basi, anatazama nje, anakumbuka. Kurasa nane zinapita. Basi halijafika popote, kondakta hajadai nauli, jirani wa kiti hajasema neno. Mwandishi anapotaka kurudi anaandika "basi lilipofunga breki". Basi lile lilikuwa kisingizio tu. Kama unataka kulitumia, weka ndani yake jambo linalotaka jibu: jirani amemtambua, au mzigo alioubeba si wake. Kisha ndipo urudi nyuma.

8. Ngapi zinatosha, na ziwe na urefu gani?

Hakuna hesabu. Katika hadithi fupi ya maneno elfu mbili, moja iliyokolea huwa inatosha. Riwaya inaweza kubeba nyingi, na nyingine zimejengwa kwa kupishanisha nyakati mbili kuanzia sura ya kwanza hadi ya mwisho.

Mhakiki Mfaransa Gérard Genette, aliyeandika kuhusu mpangilio wa wakati katika masimulizi mwaka 1972, alitenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya: umbali wa tukio kutoka wakati wa sasa, na urefu wa muda linaouchukua. Tukio linaweza kuwa la miaka hamsini iliyopita na likadumu dakika tatu. Hizo dakika tatu, zikichaguliwa vyema, hushinda muhtasari wa miaka yote hamsini.

## Kuingia na kutoka

9. Nitaingiaje nyuma bila kuandika "alikumbuka" kila mara?

"Alikumbuka" si dhambi. Shida yake ni kwamba kumbukumbu haziji kwa kuitwa. Huja kwa kuamshwa. Tafuta kinachoamsha, na kiwe kitu cha mahali hapo. Picha ukutani imetumika mno. Jina la kanga iliyoanikwa, harufu ya mafuta ya taa, jinsi mtu anavyokohoa kabla ya kubisha hodi, hivi vina nguvu zaidi. Tazama kipande hiki:

*Rehema akakalia kibao cha mbuzi, akashika kizio cha nazi, akaanza kukuna. Meno ya mbuzi yalikwaruza kwa sauti ile ile.*

*Mama alikuwa ameketi hapa siku baba alipoondoka. Hakuinua kichwa. Mlango ulifungwa, hatua zikapita uani, mbwa akabweka mara moja. Mama aliendelea kukuna. Nyama ya nazi ikaisha, akaendelea.*

*"Mama, nazi imekwisha."*

*"Najua, mwanangu."*

*Rehema akatazama sinia. Katikati ya weupe wa nazi mlikuwa na chenga za kahawia za kifuu.*

Kilichotuingiza ni sauti. Hakuna aliyesema "alikumbuka", na hakuna aliyepotea. Sinia la mwishoni ndilo linalobeba mzigo wote. Rehema naye amekuna hadi kifuu bila kujua. Kabla ya hapo hatukuambiwa kwamba ana huzuni, wala kwamba mumewe yuko mbioni kumwacha. Sasa tunashuku.

10. Nitumie viambishi gani vya wakati?

Hapa ndipo miswada mingi inapoharibika, na ndipo Kiswahili kinapompa mwandishi zana nzuri kama akizijua.

Kama hadithi yako inakwenda kwa *-li-* na *-ka-*, basi *-li-* peke yake haitoshi kumwambia msomaji kwamba tumekwenda nyuma zaidi. "Alifika nyumbani. Baba alimfukuza." Amefukuzwa leo au mwaka jana? Fungua kwa *alikuwa ame-*: "Baba alikuwa amemfukuza mwaka ule wa njaa." Sentensi moja, mbili zikizidi. Msomaji akishakubali kwamba tuko nyuma, rudi kwenye *-li-* na *-ka-* kama kawaida. Rejea mfano wa swali la 9: *alikuwa ameketi* imetokea mara moja tu, kisha *hakuinua, ulifungwa, zikapita, akabweka*. Ukiendelea na alikuwa amekwenda, alikuwa ameona, alikuwa amesema kwa ukurasa mzima, unasukuma gari lililozama kwenye tope.

Kama hadithi yako inakwenda kwa *-na-*, mambo ni mepesi: *-li-* yenyewe inatosha kuwa nyuma.

Usianze rejeshi kwa *-ka-*. Kiambishi hiki hufuata kitu kilichotangulia. "Akaketi hapa" itasomwa kama tendo linaloendeleza la leo, na msomaji atadhani ni Rehema aliyeketi.

Angalia pia mazoea na tukio. "Baba alikuwa akirudi magharibi, akitundika kofia, akiuliza chakula" ni desturi ya kila siku. Ni nzuri kwa kutandika mazingira, lakini ndani ya desturi hakuna kinachotokea. Lazima ifike "siku moja", na hapo uhamie kwenye *-li-*: "Siku moja alirudi adhuhuri." Na tafadhali, usiandike "baba hurudi magharibi" kwa mtu aliyekwisha kufa; *hu-* inamweka bado mlangoni.

Jambo la mwisho hapa ni viashiria, ambavyo vinafanya kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. *Siku ile, yule, pale* vinasukuma jambo mbali. *Hapa, hii, leo, sasa* vinalivuta karibu. Ingia kwa *ile*, na ukishakuwa ndani unaweza kusema *hapa*, kwa kuwa msomaji ameshasimama pamoja nawe. Wakati wa kutoka, neno moja *sasa* linaweza kuvuka miaka thelathini.

11. Nitarudije kwenye wakati wa sasa bila kumshtua msomaji?

Rudi kwa kitu kilekile ulichoondokea, kikiwa kimebadilika kidogo. Chai ilikuwa na moto, sasa imetanda utando juu. Nazi ilikuwa nzima, sasa kuna chenga za kifuu. Badiliko hilo linamwambia msomaji muda umepita, na linampa mahali pa kukanyaga.

Muundo wa *-po-* unasaidia sana: "Alipoinua macho, foleni ilikuwa imekwisha." Sentensi moja imefunga mlango wa nyuma na kufungua wa mbele.

Epuka "alishtuka kutoka katika lindi la mawazo". Imetumika hadi imechakaa, na ukweli ni kwamba watu hawashtuki hivyo. Wanaendelea kuosha vyombo.

12. Je, niweke italiki, nyota katikati ya ukurasa, au tarehe?

Kwa kumbukumbu ya aya mbili tatu huhitaji alama yoyote. Viambishi vya swali la 10 vinatosha. Kwa sura nzima iliyorudi nyuma, nafasi tupu au nyota tatu zinamsaidia msomaji. Italiki ndefu huchosha macho, hasa kwenye simu.

Kuhusu tarehe, mimi napendelea jinsi watu wetu wanavyohesabu. Bibi hasemi "mwezi wa kumi na moja 1997". Anasema "mwaka wa mvua za El Nino, daraja lilipochukuliwa". Wengine husema "kabla ya Azimio la Arusha", "mwaka MV Bukoba ilipozama". Tukio linampa msomaji mwaka na hali ya hewa na hofu ya watu kwa pamoja.

## Hali zenye utata

13. Mhusika akimsimulia mwenzake jambo la zamani, inahesabika?

Inahesabika, na nadhani ndiyo namna iliyo karibu zaidi na maisha yetu, kwa sababu sisi ni watu wa kuhadithiana. Sharti ni kwamba anayesimulia awe na sababu ya kusema leo, na anayesikiliza awe hajui. Ukiandika "Kama unavyojua, kaka, baba yetu alifariki tukiwa wadogo", umemfanya kaka mtu aambiwe msiba wake mwenyewe.

Mwache msikilizaji akatize. Mjukuu akimwambia bibi, "Lakini bibi, si ulisema babu alikwenda Mombasa kutafuta kazi?" na bibi akanyamaza, akaomba aletewe maji ya kunywa, hapo kuna hadithi mbili kwa wakati mmoja: ile ya babu na ile ya uongo uliosemwa kwa miaka mingi. Heshima nayo ina kazi yake. Mtoto hamhoji mkubwa moja kwa moja, na kule kuzunguka kwake kunampa mwandishi ukimya wa kutumia.

14. Msimulizi wangu ni "mimi" mtu mzima anayekumbuka utoto. Je, hadithi nzima si rejeshi?

Kwa ufundi, ni kweli. Kwa vitendo, msomaji akishazama, utoto unakuwa ndio sasa. Unachopaswa kuamua ni nani anayeona. Mtoto anaona miguu ya askari chini ya pazia. Mtu mzima anajua walikuja kumtafuta nani. Ukiwachanganya katika sentensi moja, mtoto wa miaka sita ataanza kuzungumzia "mfumo dhalimu". Mwache mtoto aone miguu. Kama mtu mzima ana la kusema, aliseme katika aya yake.

15. Mhusika akikumbuka vibaya, au akidanganya?

Ni eneo zuri mno na halitumiki vya kutosha. Ndugu wawili kwenye matanga ya mama yao: kaka anakumbuka kwamba mama ndiye aliyeuza shamba, dada anakumbuka shamba liliuzwa kulipia karo ya kaka. Usiamue haraka nani mkweli. Ila mpe msomaji kitu kimoja kinachoshikika, kama hati ya mauzo yenye alama ya dole gumba, asije akahisi anachezewa.

16. Rejeshi ndani ya rejeshi inaruhusiwa?

Alfu Lela Ulela imejengwa hivyo, hadithi ndani ya hadithi, na imedumu karne nyingi. Lakini kule kila tabaka lina msimulizi wake na wasikilizaji wake, kwa hiyo tunajua tuko kwa nani. Mhusika mmoja akikumbuka siku aliyokuwa akikumbuka siku nyingine, nenda taratibu. Ngazi ya tatu mimi nisingeigusa.

17. Naandika mambo machungu: vita, ubakaji, ajali. Kuna tofauti?

Kubwa. Mtu aliyepitia jambo la kutisha anaweza kurudiwa nalo bila hiari, kwa vipande visivyofuatana, na kwa muda huo mwili wake ukahisi kana kwamba linatokea sasa hivi. Yeye hakumbuki tu, yumo ndani. Kwa hiyo mtindo wa utulivu wa swali la 9 haufai hapa. Sentensi zikatike. Unaweza hata kuacha *-li-* na kuingia *-na-* ghafla: "Mlango. Anapiga mlango. Taa inazimika." Kisha urudi, na mhusika anajikuta ameinama chini ya meza ya duka la watu, na muuza duka anamuuliza, "Dada, uko sawa?"

Usionyeshe tukio lote. Sisemi hivyo kwa kuogopa. Nasema kwa sababu kumbukumbu za aina hii zenyewe mara nyingi hazina yote. Kipande kimoja, kama kiatu au harufu ya dizeli, kinabeba zaidi. Na miongoni mwa watakaokusoma wapo walioyapitia. Waandikie ukijua wapo.

18. Kwenye jukwaa na redio inafanywaje?

Jukwaani, taa hubadilika, au mwigizaji hujitanda kanga tofauti, au hugeuza kiti. Kitu kimoja kinatosha kama kitatumika vile vile kila mara. Redioni hakuna taa, kwa hiyo mahali pajengwe kwa sauti: mawimbi, kengele ya shule, jogoo. Ila sauti hiyo isiwe imesikika kwenye wakati wa sasa, vinginevyo msikilizaji hatajua tumehama. Mwite mhusika kwa jina la utotoni punde tu tunapofika. Masikio hulishika mara moja.

## Mtihani na marekebisho

19. Kwenye mtihani wa fasihi, niandike nini nikiulizwa kuhusu mbinu rejeshi?

Kutaja tu "mwandishi ametumia mbinu rejeshi" hakutoshi. Eleza hadithi ilikuwa imesimama wapi, nini kilichoamsha kumbukumbu, tukio lililorejeshwa ni lipi, na limefanya kazi gani: limefichua sababu, limejenga sifa ya mhusika, au limeendeleza maudhui fulani. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwenye la mwisho. Swali la 1 lina mfano wa shangazi. Jaribu kuujibu kwa hatua hizo.

Usichanganye na ndoto. Ndoto inaweza kurejesha tukio la kweli, na hapo ni rejeshi iliyoletwa kwa njia ya ndoto. Ikiwa ni ya mambo ambayo hayakutokea, si rejeshi.

20. Nimemaliza rasimu na nyakati zimevurugika. Nianzie wapi?

Chukua karatasi, chora mstari, panga matukio yote kama yalivyotokea kweli, si kama ulivyoyasimulia. Andika umri wa kila mhusika kwenye kila tukio. Utashangaa. Mama aliyejifungua akiwa na miaka tisa hugunduliwa kwenye karatasi hii, na si mahali pengine.

Kisha kagua vitu. Wasomaji wanaojua wakati huo watakukamata. Mtu wa Nairobi hawezi kukumbuka akimtumia mama pesa kwa M-Pesa mwaka 2003, kwa kuwa huduma ilianza 2007. Mtoto wa Dodoma wa mwaka 1985 hakuwa akitazama kituo cha Tanzania Bara, maana televisheni ilianza huko 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970. Mkenya aliyesoma msingi miaka ya 1970 hakufika darasa la nane. Mfumo wa 8-4-4 uliingia 1985, na kabla yake msingi uliishia la saba.

Ukishamaliza hayo, pitia kila rejeshi kwa jaribio la karatasi la swali la 5. Zitakazobaki, soma sentensi ya mwisho kabla ya kwenda nyuma na ya kwanza baada ya kurudi, hizo mbili tu, kwa sauti. Kama zinaweza kufuatana bila mtu kujua kwamba kuna kitu kilipita katikati, rudi kwenye swali la 11.